Kuzima kompyuta kwa utaratibu: Kumbukumbu ni mkopo, sharti urudishwe

Na Mwandishi Wetu, Iyula

KWA mkulima wa kahawa wa Iyula, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, herufi CPU zina maana moja tu: mtambo wa kuchakata kahawa mbivu, unaomenya maganda mekundu na kuacha punje ziende kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa. Kwa fundi wa kompyuta, herufi hizo hizo humaanisha kichakataji, yaani kiungo kinachofanya hesabu zote za mashine.

Mitambo hii miwili haifanani kwa umbo wala kwa kazi, lakini ina sharti moja la pamoja. Msimamizi wa mtambo wa kahawa hazimi injini na kuondoka. Husubiri kahawa iliyomo ndani ipite yote, kisha huosha mtambo kwa maji mengi, kwa kuwa punje zinazosahaulika humo usiku huchachuka kupita kiasi, na chache tu zinatosha kutia harufu mbaya katika mzigo wa kesho. Kazi ya siku huhesabiwa kuwa imekwisha pale mtambo unapoachwa mtupu na safi.

Kompyuta nayo inahitaji kufungwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Hata hivyo, katika ofisi, shule na maduka mengi ya stesheneri, mtumiaji hubana kitufe cha kuwashia mpaka taa izimike, au huzima swichi ya ukutani, kisha hufunga mlango na kwenda nyumbani. Mara nyingi hakuna kinachoharibika, na ndiyo sababu tabia hiyo hudumu. Siku kinapoharibika, hasara humwangukia mtu ambaye pengine hajawahi kuigusa kompyuta hiyo.

Chukulia karani wa chama cha msingi cha ushirika katika msimu wa mavuno. Ameingiza kwenye kompyuta kilo za wakulima 58 kati ya 60 waliopima kahawa siku hiyo, na mara ya mwisho alihifadhi kazi yake alipofika kwa mkulima wa 40. Mashine ikizimika wakati huo, wakulima 18 hawamo tena katika orodha. Malipo ya mkulima hufuata kilo zilizoandikwa. Kwa hiyo namna ya kuzima kompyuta ni suala la fedha ya mtu, na kinga yake ya mwisho ni stakabadhi ya karatasi aliyonayo mkononi.

Makala haya yanaeleza nini hutokea ndani ya kompyuta programu inapofunguliwa na inapofungwa, kwa nini mashine huwa nzito au kuganda, na utaratibu ambao mtumiaji wa kawaida anaweza kuufuata ili asipoteze kazi yake wala ya mwenzake.

Meza na kabati

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka taarifa. Pa kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huitaja kwa herufi RAM na kuipima kwa gigabaiti. Kompyuta nyingi za ofisi zina gigabaiti 4, 8 au 16. Pa pili ni diski, ambayo kwa kawaida huwa na nafasi kubwa mara nyingi zaidi.

Kumbukumbu ya kazi ni mfano wa meza, na diski ni mfano wa kabati. Karatasi inayoshughulikiwa huwekwa mezani kwa sababu hapo inafikika upesi. Tofauti ni kwamba meza hii inashikiliwa na umeme. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa juu yake hupotea, ilhali vilivyomo kabatini hubaki.

Hivyo basi, barua unayoiona kwenye skrini bado haijawa salama kwa sababu tu unaisoma. Iko mezani. Inaingia kabatini pale unapotoa amri ya kuhifadhi, kwa mfano kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl na S. Hata baada ya amri hiyo, mfumo endeshi unaweza kuishikilia taarifa mezani kwa sekunde kadhaa kabla ya kuiandika, kwa kuwa diski ni ya polepole kuliko kumbukumbu na mfumo hupenda kuandika vitu vingi kwa mkupuo mmoja. Sekunde hizo chache ndizo zinazomponza mtu anayehifadhi na kuchomoa waya papo hapo.

Mkopo unaoandikwa daftarini

Kila programu inapofunguliwa huomba sehemu ya kumbukumbu. Mwenye kugawa ni mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux. Mfumo huo hushika daftari linaloonyesha nani amechukua nafasi ipi, ili programu moja isiandike juu ya kazi ya nyingine.

Programu inaweza kuomba nyongeza kila mara kazi inapoongezeka. Ukifungua picha kubwa, inakopa. Ukifungua ukurasa mwingine wa intaneti, kivinjari kinakopa. Kivinjari cha Chrome, kilichotolewa na kampuni ya Google mwaka 2008, kilijengwa tangu mwanzo ili kurasa zilizo wazi ziendeshwe kama kazi zilizotenganishwa, kusudi ukurasa mmoja ukiharibika usiangushe zingine. Faida hiyo ina gharama yake: kurasa 30 zilizoachwa wazi ni wakopaji wengi wasiofanya kazi yoyote.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Programu iliyoandikwa vizuri hurudisha kila ilichokopa mara inapomaliza kukitumia. Iliyoandikwa ovyo huchukua na kusahau.

Kumbukumbu inapokaribia kujaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya vitu vya mezani kwenye diski ili kupata nafasi, kisha huvirudisha vinapohitajika. Safari hizo za kwenda na kurudi ndizo mtumiaji anazozihisi anapolalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Mara nyingi kichakataji hakijachoka, kinasubiri diski.

Nini hutokea unapofunga programu

Mtumiaji anapobonyeza alama ya kufunga iliyo pembeni mwa dirisha, programu haikatwi papo hapo. Hupelekewa ujumbe kwamba inatakiwa kuondoka, nayo hupata nafasi ya kupanga mambo yake.

Kwanza huangalia kama kuna kazi ambayo haijahifadhiwa, na ikiwapo humuuliza mtumiaji. Pili, humalizia kuandika kwenye diski kile kilichobaki. Tatu, hufunga faili ilizokuwa imezifungua, na kama imeunganishwa na seva, huiarifu kwamba inaondoka. Nne, hufuta faili za muda na alama za umiliki ilizokuwa imeziweka. Mwisho hurudisha kumbukumbu na kutoka.

Alama za umiliki zinastahili maelezo. Unapofungua waraka katika Microsoft Word, programu hiyo huweka pembeni faili ndogo iliyofichwa, ambayo jina lake huanza na alama ~$, ili mtu mwingine akifungua waraka huo aelezwe kwamba unatumika. Programu ikifungwa vizuri, faili hiyo hufutwa. Ikikatwa ghafla, inaweza kubaki, na kesho yake ukaambiwa waraka wako mwenyewe unatumiwa na mtu mwingine ilhali ofisini uko peke yako. Si uchawi wala kirusi. Ni mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Swali la kuhifadhi nalo huwakwamisha wengi kwa sababu ya lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo orodha na maelekezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Lakini kompyuta nyingi nchini huuliza kwa Kiingereza, na asiyeielewa lugha hiyo hubonyeza kitufe chochote ili dirisha liondoke. Ni vema kukumbuka kwamba vitufe huwa vitatu: "Save" huhifadhi kazi na kufunga, "Don't Save" hufunga na kuitupa kazi yote iliyofanywa tangu ulipohifadhi mara ya mwisho, na "Cancel" hukurudisha kwenye kazi bila kufunga chochote. Mwenye shaka na abonyeze cha tatu, kisha aombe msaada.

Uvujaji uliozima huduma ya dharura London

Programu inayokopa kumbukumbu bila kuirudisha husemwa kuwa inavujisha kumbukumbu. Kiasi kinachopotea kila mara kinaweza kuwa kidogo mno, lakini haba na haba hujaza kibaba, na hapa kinachojaa ni deni.

Mfano unaofahamika sana ni wa huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji la London, Uingereza. Oktoba 26, 1992 huduma hiyo ilianza kutumia kikamilifu mfumo wa kompyuta wa kupokea simu za dharura na kuyaelekeza magari. Mfumo ulielemewa tangu siku ya kwanza, magari yakachelewa, na siku iliyofuata wafanyakazi wakarudia kufanya sehemu ya kazi kwa mkono huku wakiendelea kuutumia kwa sehemu nyingine.

Pigo la pili lilikuja usiku wa kuamkia Novemba 4, 1992. Muda mfupi baada ya saa 8 usiku, mfumo ulipunguza kasi kisha ukaganda kabisa. Wafanyakazi walijaribu kuwasha upya kompyuta zao bila mafanikio. Seva ya akiba iliyotarajiwa kupokea kazi haikupokea. Ikabidi warudi kwenye karatasi na kalamu.

Tume iliyochunguza mkasa huo ilibaini kwamba anguko la Novemba 4 lilikuwa na chanzo chake. Takriban wiki 3 kabla, mwandishi mmoja wa programu alikuwa ameacha ndani ya mfumo kipande kidogo cha maelekezo alichokuwa akikifanyia kazi. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua nafasi ndogo ya kumbukumbu ya seva na hakikuirudisha. Gari baada ya gari, siku baada ya siku, kumbukumbu iliisha.

Kosa hilo lisingeonekana katika majaribio ya saa moja. Lilihitaji muda ili lijitokeze, na muda huo ulifikia kikomo usiku wa manane katika jiji la mamilioni ya watu wanaotegemea namba moja ya simu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Gari la Mars lililokataa kulala

Mkasa mwingine ulitokea mbali zaidi. Gari la utafiti la Spirit, la Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitua kwenye sayari ya Mars Januari 4, 2004. Siku 17 baadaye, Januari 21, mawasiliano yake na dunia yalivurugika.

Wahandisi waligundua kwamba gari lilikuwa likijizima na kujiwasha upya tena na tena. Lilikuwa limekusanya faili nyingi mno katika hifadhi yake ya kudumu, zikiwamo zilizobaki tangu safari ya kutoka duniani. Kila lilipowaka, lilihitaji kupakia orodha ya faili hizo katika kumbukumbu ya kazi, na orodha haikutosha. Kompyuta ilikwama, ikajiwasha upya, ikakutana na orodha ile ile. Kibaya zaidi, ilishindwa kuzima na kulala usiku kama ilivyopangwa, hivyo betri zikawa zinaisha.

Ufumbuzi ulikuwa kuliamuru gari liwake bila kuigusa hifadhi hiyo, kisha faili zisizohitajika zikafutwa na hifadhi ikaandaliwa upya. Spirit, lililokusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mars, liliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010.

Kuombwa kuondoka na kusukumwa nje

Programu ikiganda na kukataa kufunga, kuna njia mbili za kuimaliza, na ni muhimu kuzitofautisha.

Katika mifumo ya jamii ya Unix na Linux, ambayo huendesha seva nyingi za intaneti duniani, njia hizo zina namba. Ishara namba 15 ni ombi: programu inaarifiwa kwamba inatakiwa kumaliza, nayo inaweza kuhifadhi kazi na kusafisha kabla ya kutoka. Ishara namba 9 ni amri isiyojadiliwa: mfumo huikata programu hapo hapo, bila kuipa nafasi ya kufanya chochote. Kanuni ya kazi ni kuanza na 15, kusubiri, na kutumia 9 pale tu ombi liliposhindikana.

Kwenye Windows, mtumiaji hubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua dirisha la Task Manager. Humo huorodheshwa programu zote zinazoendeshwa na kiasi cha kumbukumbu ambacho kila moja imekopa. Ukichagua programu na kubonyeza "End task", unaruhusu ikatwe hata kama haijahifadhi kitu. Kabla ya kufanya hivyo ni busara kusubiri dakika moja au mbili, kwani programu inayoonekana imeganda huenda inamalizia kuandika faili kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Programu ikikatwa kwa nguvu, kumbukumbu iliyokopa haipotei. Mfumo endeshi una daftari, na utairudisha wote. Kinachopotea ni kile ambacho mfumo haukukijua: sentensi ambazo hazijahifadhiwa, faili iliyoandikwa nusu, alama ya umiliki iliyobaki, seva inayodhani bado uko kazini. Kwa maneno mengine, mashine hulipwa deni lake lote, na anayebaki anadai ni mwenye kazi.

Umeme unapokatika

Kukatika kwa umeme ni sawa na ishara namba 9 kwa programu zote kwa mara moja. Afrika Mashariki inaifahamu vizuri hali hiyo. Tanzania ilipita katika mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na tena 2011. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa ilikosesha umeme maeneo mengi ya Tanzania.

Watengenezaji wa mifumo wamejitahidi kupunguza madhara. Mpangilio wa faili wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993, huandika kwanza katika daftari maalumu mabadiliko unayokusudia kuyafanya, kisha huyafanya. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka husoma daftari na kujua palipoachwa. Hata hivyo, kinga hiyo hulinda zaidi mpangilio wa kabati. Haiahidi kwamba barua yako imo ndani.

Hifadhidata zinazotumiwa na mabenki zimejengwa kwa kanuni kali zaidi: ama yote au hakuna. Fedha zikihamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kuna matendo mawili, kupunguza huku na kuongeza kule. Mashine ikizimika kati ya mawili hayo, mfumo ukiwaka husoma daftari lake na kulifuta tendo lililofanyika nusu, ili fedha ya mtu isipotelee njiani. Orodha ya karani wetu iliyoandikwa katika Excel haina ulinzi wa kiwango hicho.

Flashi ndiyo dhaifu kuliko vyote. Nyingi hutumia mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauna daftari la namna hiyo. Kuichomoa wakati inaandikwa kunaweza kuharibu faili moja au orodha nzima ya faili. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018, mfumo umepangwa ili flashi iweze kuchomolewa bila amri maalumu, lakini sharti la kusubiri uandishi ukamilike halijaondolewa.

Kinga ya bei nafuu kwa ofisi ndogo ni kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, au kifaa cha UPS kwa kompyuta ya mezani. UPS haikusudiwi kuendeleza kazi kwa saa nyingi. Dakika chache inazotoa ni za kuhifadhi, kufunga programu na kuzima kwa utaratibu. Anayezitumia kumalizia barua amekosea matumizi yake.

Kuzima kusiko kuzima

Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka. Utaratibu huo ukiwapo, ukichagua "Shut down" programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo endeshi hakifungwi: picha yake hunakiliwa kwenye diski, na kesho hurudishwa jinsi kilivyokuwa. Hivyo mtu anaweza kuzima kompyuta kila jioni kwa mwezi mzima, huku kiini kikibeba uchovu wa tangu siku ya kwanza.

Amri inayoanza upya kwa ukamilifu ni "Restart". Ndiyo maana fundi humwomba mteja awashe upya hata anapoapa kwamba alizima jana. Anayetaka kuzima kabisa anaweza kushikilia kitufe cha Shift huku akibonyeza "Shut down".

Kuwasha upya si ujanja wa mafundi wa mitaani pekee. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege aina ya Boeing 787 zizimwe umeme wote kwa vipindi maalumu, baada ya kubainika kwamba mitambo inayodhibiti jenereta, ikiwashwa kwa siku 248 mfululizo, ingeweza kujizima yote kwa pamoja kwa sababu kihesabio ndani ya programu kilifika ukomo. Hiyo ndiyo aina ya ndege ya Dreamliner ambayo Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018. Tatizo lilikuwa la kihesabio na si la kumbukumbu kuvuja, lakini fundisho ni lile lile: mashine isiyopumzishwa hubeba makosa madogo mpaka yawe makubwa.

Simu ni tofauti

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kompyuta hufungwa programu, basi simu nayo inahitaji kufutwa orodha ya programu kila baada ya dakika chache. Simu za Android na iPhone zimepangwa tofauti. Programu usiyoitazama husimamishwa au kuwekewa mipaka, na nafasi ikihitajika, simu yenyewe huiondoa. Kuiondoa kwa kidole na kuifungua tena baada ya muda mfupi kunaweza kutumia betri zaidi, kwa sababu inalazimika kupakiwa upya. Iondoe programu iliyoganda, na zilizobaki ziachie simu.

Kwa wanaoandika programu

Vijana wanaojifunza kuandika programu wanapaswa kulichukua suala hili kwa uzito zaidi. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwandishi huomba kumbukumbu mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Akisahau, hakuna wa kumkumbusha.

Njia nyingine ni ya zamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John McCarthy, alipokuwa akibuni lugha ya Lisp nchini Marekani, aliweka mzoa taka: utaratibu unaopita wenyewe ndani ya kumbukumbu na kukusanya kila kisichofikiwa tena na programu. Java na Python hufuata njia hiyo. Hata hivyo, mzoa taka hachukui kitu ambacho bado umekishika mkononi hata kama hukihitaji, wala haharakishi kufunga faili na mawasiliano uliyoyaacha wazi.

Kanuni za msingi ni chache. Aliyefungua ndiye afunge. Vilivyofunguliwa mwisho vifungwe kwanza, kama mtu aliyevaa shati kisha koti anavyovua koti kabla ya shati. Usafi ufanyike hata pale kazi inapoishia katika kosa, kwa kuwa hapo ndipo wengi husahau. Na programu itakayokaa wazi kwa wiki nzima ijaribiwe kwa wiki nzima, maana ya London ilianguka baada ya wiki 3.

Utaratibu wa kila jioni

Kwa mtumiaji wa kawaida, utaratibu ufuatao unatosha:

1. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Usitegemee Word peke yake, kwani kwa kawaida hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na dakika 10 za karani ni wakulima wengi.

2. Funga programu moja baada ya nyingine, ukisoma kila swali linaloulizwa kabla ya kujibu.

3. Subiri flashi imalize kuandikwa, iondoe kwa amri ya mfumo, kisha ichomoe.

4. Chagua "Shut down" kwenye orodha, na usiguse swichi ya ukutani mpaka taa za kompyuta zizimike zenyewe. Ikiwa Windows inasakinisha masahihisho, iache imalize.

5. Angalau mara moja kwa wiki tumia "Restart", ili kiini cha mfumo nacho kianze upya.

6. Kubana kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa kuwe njia ya mwisho kabisa, pale kipanya na kibodi vyote viwili vimekataa kuitika.

7. Weka nakala ya pili ya kazi muhimu nje ya kompyuta hiyo, na usitupe daftari wala stakabadhi za karatasi kabla ya msimu kufungwa.

Hatua zote hizi hazizidi dakika 5. Ni muda mfupi kuliko ule ambao msimamizi wa mtambo wa kahawa huutumia kuosha mashine yake jioni, naye haoni kwamba anaupoteza, kwa sababu anajua mzigo wa kesho asubuhi utapita humo humo. Karani naye akiyazingatia haya, mkulima wa 58 atakayekuja kuuliza kilo zake atalikuta jina lake mahali pake.